Radiatere ya Safu Nne

Thaddée hakuwa na diploma. Hakuwa na chombo cha kuchomelea kwa gesi, wala ufunguo namba kumi na tisa, ambao uliondoka na mwenye gereji mwaka wa uhuru. Hakuwa na baiskeli, hakuwa na baba tangu utotoni, hakuwa na jino la mbele upande wa kushoto. Hakuwa na Kifaransa cha kutosha kusoma vile vitabu vya injini alivyoviacha Mesié Verhoest, mzungu aliyekuwa mwenye gereji alimofanya kazi, kwenye kabati, na ndiyo sababu kila jioni alikwenda shule ya watu wazima pale parokiani, akakaa kwenye dawati la watoto, magoti yamepanda hadi kifuani. Tena hakuwa na ulimi wa kusema "sijui". Vingine alivipata kidogo kidogo. Huo ulimi ulichelewa, na kuchelewa kwake kulimharibia mtu mwingine maisha.

Mtaani kwake Nyamianda, mjini Uvira, watu walimwita Enjenyeri. Mwanzoni lilikuwa neno la kumtania, maana alitembea na kalamu tatu mfukoni na mikono imejaa grisi. Yeye hakusikia utani. Aliitika. Baada ya mwaka mmoja watu wakasahau kwamba walikuwa wanatania.

Jina hilo lilithibitika kwa ajili ya gari la zahanati. Lilikuwa jipu la zamani la jeshi, lililoundwa na watu wa nchi za baridi ambao hawakuwahi kuuona mwezi wa tisa katika bonde la Ruzizi, wakati upepo wenyewe unapotoka tambarare kama umetoka ndani ya tanuri. Kila siku lilichemka. Dereva wake, Gaspard wa Makobola, mtu mrefu, mpole, asiyependa maneno mengi, alikuwa amezoea kusimama kila baada ya mwendo mfupi, kufungua boneti na kungoja, wagonjwa wakijipepea kwa majani ya migomba nyuma.

Thaddée aliliangalia jipu hilo kwa wiki nzima. Radiatere yake, lile sanduku la mirija lililo mbele ya injini linalopoza maji, ilikuwa nyembamba, safu mbili tu za mirija. Nyuma ya gereji kulikuwa na lori la pamba lililopinduka zamani, na radiatere yake ilikuwa na safu nne. Akaing'oa. Akakata mabano ya zamani, akaunda mapya kwa chuma cha kitanda. Akaziba matundu kwa risasi aliyoiyeyusha kwenye kopo. Akabadilisha feni ya mapanga manne akaweka ya sita, na kwa bati la pipa akatengeneza kizingo cha kuuzunguka mduara wake, ili upepo usipotee pembeni bali upite wote kwenye mirija. Siku ya kujaribu, mwaka wa sitini na tatu, Gaspard aliendesha kutoka Uvira hadi Sange na kurudi, saa saba za mchana, watu tisa ndani, bila kusimama hata mara moja. Aliporudi alishuka, akaweka kiganja juu ya boneti, akacheka peke yake.

"Yaya Thaddée," akasema, akimwita kaka mkubwa, "sindano ya joto haikutikisika. Nilifikiri imekufa."

"Haijafa. Imepata bwana wake."

Padri akamtaja Thaddée kanisani, baada ya matangazo ya ndoa. Wafanyabiashara wawili wakaleta malori yao. Thaddée akachora kibao cha "Enjenyeri" kwa rangi nyekundu, akakitundika juu ya mlango wa gereji, na kila asubuhi alikifuta vumbi kabla hajafungua kufuli.

Jambo moja dogo lilibaki. Enzi za Mesié, chini ya paa la gereji palikuwa na pipa la kukingia maji ya mvua. Mesié alilifunga kwa kufuli, na hakuna radiatere iliyotiwa maji mengine. Ziwa liko hatua mia mbili, maji meupe unaona kokoto chini, na mzungu anafungia mvua kwa kufuli. Wafanyakazi walilielewa kwa namna moja tu: maji yetu yanamchukiza. Siku ya uhuru walivunja kufuli, wakalipindua pipa, wakapigia ngoma tako lake. Thaddée alikuwa wa kwanza kulisukuma.

Kwa hiyo Gaspard alipouliza, siku ile ya kwanza, kama si afadhali wakinge maji ya mvua kama zamani, alijibiwa mbele ya watu.

"Weye ni mutoto wa wavuvi wa Makobola, na unaogopa maji ya ziwa?"

"Siogopi. Nauliza tu, kwa sababu Mesié alikuwaga na lile pipa."

"Mesié alikuwa na dharau. Barabara yako yote iko pembeni ya ziwa. Chukua ndoo, teka, jaza. Ziwa halina kufuli."

Watu wakacheka, na Gaspard naye akacheka. Tangu siku hiyo akawa anateka ziwani.

Ikapita miezi. Mapema mwaka wa sitini na nne, habari za maasi zikawa zinateremka kutoka milimani pamoja na wauza makaa. Karibu na Pasaka, Gaspard alikuja gereji mara mbili.

"Yaya, sindano imeanza kupanda tena."

"Unaendesha gia ya pili mahali pa tatu."

"Naendesha vile vile siku zote."

"Basi ni siku zote unakosea. Radiatere ya safu nne haipandishi sindano."

Mara ya pili Thaddée hakuinua hata kichwa kutoka kwenye kazi yake. Alisikia moyoni kitu kama jiwe dogo ndani ya kiatu, akakipuuza. Kufungua ile radiatere mbele ya wateja kungekuwa kukiri kwamba inafunguliwa.

Juma lililofuata jipu lilipeleka dawa upande wa Makobola. Ndani walikuwa Gaspard na muuguzi mmoja, Sabine, mwanamke wa Kilibula aliyejulikana kwa kusema neno lake mara moja na kutolirudia. Kwenye kilima kifupi kabla ya kijiji, gari lilichemka. Si kuchemka kwa zamani. Mfuniko uliruka, na mvuke ukamuunguza Sabine mkono wa kulia kuanzia kiwiko hadi kifundo. Gaspard alipokuwa bado anampepea, vijana wenye silaha walitoka kwenye mihogo. Walichukua masanduku yote ya dawa, wakajaribu kuliwasha gari, likakataa, wakalisukuma porini. Gaspard na Sabine wakaachwa warudi Uvira kwa miguu.

Zamani ingekuwa ajali. Mwaka ule gari la serikali au la misheni likisimama mahali ambapo waasi wanangoja, aliyelisimamisha ana kesi. Kesho yake Gaspard alikuwa ameketi sakafuni kwenye baraza la wanajeshi, mikono imefungwa nyuma, na Thaddée akaitwa kama mtaalamu. Komanda alitoka mbali na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza.

"Weye ni fundi ya gari ile?"

"Ndiyo, mukubwa."

"Dereva anasema ilichemka. Huyu mwanamke anasema ilichemka. Weye unasema nini?"

Gaspard aliinua uso. Hakuwa na hofu, na hilo ndilo Thaddée hakuweza kulisahau baadaye: alimtazama kama mtu aliyemwona ndugu yake anafika na ufunguo.

"Mwambie, yaya," akasema. "Mwambie tu nilikuja kwako mara mbili."

Kwenye ua walikuwapo wafanyabiashara wenye yale malori mawili. Alikuwapo karani wa parokia. Thaddée hakuwa ameliona gari. Lilikuwa bado porini, na hakuna askari aliyetaka kulifuata. Jibu la mtu mwaminifu lilikuwa neno moja, lile asilokuwa nalo.

"Radiatere ile haiwezi kuchemka, mukubwa," akasema. "Ni ya safu nne. Labda mtu amwage maji kwa makusudi."

Hilo la mwisho hakuulizwa. Lilitoka lenyewe.

Sabine akauinua mkono wake, kitambaa kimeshikamana na ngozi.

"Enjenyeri," akasema, "na huu ulioniunguza mkono ni mvuke gani? Wa makusudi?"

"Mama, minye naongea mambo ya mashine."

Komanda aliona mwanaume mwenye kalamu tatu na mwanamke mwenye kitambaa, akachagua. Gaspard aliangalia magoti yake mwenyewe, kisha wakamnyanyua wakampeleka gerezani. Thaddée alirudi gereji. Siku hiyo hakukifuta kibao vumbi, na hakujiambia kwa nini.

Mwezi wa tano waasi waliingia mjini. Walifungua gereza, na waliposikia kwamba kuna mfungwa aliyefungwa kwa kuwapa gari, walimbeba mabegani. Gaspard aliwaambia kwamba si kweli, kwamba gari lilichemka tu. Walicheka wakamwita mnyenyekevu. Dereva walikuwa wanamhitaji. Baada ya siku chache walilivuta jipu kwa kamba hadi gereji ya Thaddée, na aliyekuwa nyuma ya usukani ni Gaspard, amekonda, shati la mtu mwingine mwilini.

"Tengeneza," wakasema, wakaenda kukaa kivulini.

Thaddée akalegeza mipira, akafungua tangi la juu la radiatere. Mirija iliyotakiwa kuwa wazi kama macho ya nyuki ilikuwa imezibwa na magamba meupe, magumu, safu moja hadi nyingine. Aliingiza waya, ukagoma. Alipogonga kwa ubao, magamba yakadondoka sakafuni kama maganda ya mayai. Mirija ya safu nne ni mingi, lakini ni myembamba. Ile ya zamani yenye safu mbili ilikuwa minene kiasi, ingechelewa kuziba. Ubora wake wote ndio uliofanya ife upesi.

Gaspard alikuwa amesimama nyuma yake.

"Ni nini hiyo, yaya?"

Walikuwa wawili tu. Hakukuwa na komanda, wala wafanyabiashara, wala karani. Ilikuwa saa nne za asubuhi, jua limeingia hadi kwenye meza ya kazi.

"Uchafu," akasema Thaddée.

"Uchafu wa nini?"

"Uchafu wa njiani. Nitasafisha."

Gaspard aliinama, akaokota gamba moja, akalizungusha vidoleni. Kisha akaliweka juu ya meza taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha mwenyewe, akatoka nje.

Mchana Thaddée alienda na lile gamba nyumbani ndani ya mfuko wa shati, kati ya kalamu. Mkewe Ernestine alikuwa anachagua maharage. Alilitazama mara moja tu.

"Umelitoa kwenye birika yangu?"

"Birika gani?"

Alinyoosha mkono, akamletea birika la chai, akafungua mfuniko. Ndani lilikuwa limevaa gamba lile lile, jeupe, lenye mawimbi.

"Ni maji ya ziwa," akasema Ernestine. "Ukichemsha kila siku yanaacha hiyo. Huwa nalitoa kwa ndimu, na juma hili ndimu zimenishinda bei. Kwa nini unashangaa?"

"Ulijua?"

"Nani mwanamke wa hapa hajui? Na maharage hayapikwi kwa maji ya ziwa, yanakaa magumu mpaka jioni. Kwa nini unafikiri naweka sufuria nje mvua ikinyesha? Miaka minne unaziruka zile sufuria ukitoka shuleni na vitabu."

"Hukuniambia."

"Hukuuliza. Weye unaulizaga kitu?"

Thaddée aliisafisha radiatere kwa ndimu na waya, siku tatu, na jipu likawatumikia waasi hadi mwezi wa kumi, wakati jeshi liliporudi. Siku hiyo Gaspard hakuwa na mahali pa kusimama. Watu mia walikuwa wamemwona akibebwa mabegani, wakamwona akiendesha. Alivuka ziwa kwa mtumbwi usiofaa hata kuvulia, akatokea Rumonge, ng'ambo, Burundi. Ule uongo wa mtaalamu ulikuwa umejitengenezea ushahidi wenyewe.

Thaddée aliendelea kwenda shule ya jioni. Alipata cheti chake mwaka wa sitini na tano, akakiweka ndani ya kioo. Alirudisha pipa chini ya paa la gereji bila kumweleza mtu, na watu walipouliza alisema amesoma vitabuni. Hata hilo lilikuwa la kumvisha sifa.

Mwaka uliofuata likabandikwa tangazo kwenye ofisi ya wilaya: waliokimbilia ng'ambo wanaweza kurudi, iwapo watu wawili wanaojulikana mjini watawaandikia barua kueleza kwa nini hawana hatia. Mwisho wa mwezi mlango unafungwa. Siku mbili baadaye mama mzee aliingia uani kwa Thaddée akiwa na kikapu cha ndagala wakavu kichwani. Alikuwa ametembea kutoka Makobola. Ni Florentine, mama yake Gaspard.

"Mwanangu," akasema alipokwisha kunywa maji, "nimekuja kwako kwa sababu unajua kuandika, na ofisi wanakuheshimu. Gaspard alikuwa anakutajaga sana. Yaya Thaddée hivi, yaya Thaddée vile."

"Hakukuambia kingine?"

"Aniambie nini? Tangu afungwe sijakaa naye hata siku moja. Najua tu walimsingizia. Kanisani wananiachia benchi zima peke yangu, kama mwenye upele. Andika kwamba gari liliharibika tu. Wewe ulikuwa fundi wake, watakuamini."

Akamsogezea ndagala. Thaddée aliwatazama wale samaki wadogo, akashindwa kuwakataa, akashindwa pia kuwapokea.

Aliandika mchana huo huo, kwa mwandiko wake bora. Aliandika kwamba jipu lilikuwa kuukuu, kwamba barabara ilikuwa mbaya, kwamba joto la mwaka ule lilizidi kipimo, na kwamba kwa maoni ya fundi mwenye cheti dereva hakuwa na kosa. Ilikuwa barua nzuri. Akaipeleka zahanati, Kilibula, Sabine aweke sahihi ya pili.

Sabine aliisoma amesimama mlangoni. Mkono wake wa kulia ulikuwa umepona vibaya, ngozi imekunjamana na kung'aa kama karatasi iliyolowa ikakauka.

"Ni barua ya kusafisha gari," akasema. "Komanda aliandika maneno yako kwenye faili, Enjenyeri. Wataifungua faili, wataweka barua hii kando yake. Kule ulisema haiwezi kuchemka. Huku unasema joto lilizidi. Wataamini ipi?"

"Hii ni ya karibuni."

"Watasema mama mzee alikuletea samaki."

Akamrudishia. Thaddée akaikunja.

"Sabine, nikiandika yote, nitafungua tena gereji vipi?"

"Utazungusha ufunguo. Mimi ninafungua mlango huu kila siku kwa mkono huu."

Thaddée alirudi Nyamianda kwa njia ya ufukweni, ili asisalimiwe na watu. Kila aliyemwona alimsalimia hata hivyo. Enjenyeri. Enjenyeri, habari za kazi. Akaitika, na kila alipoitika aliona haya kana kwamba anapokea sahani ya chakula cha mtu mwingine.

Kesho yake aliandika ya pili. Hii ilikuwa fupi na mwandiko haukuwa mzuri. Mchana akawakalisha Florentine na Sabine uani, Ernestine naye akasimama mlangoni, akawasomea kwa sauti:

"Mimi Thaddée, fundi wa Nyamianda, nilisema mbele ya komanda kwamba radiatere niliyoiweka haiwezi kuchemka. Nilisema bila kuliona gari. Dereva Gaspard alinionya mara mbili nikamfukuza. Maji ya ziwa niliamuru mimi, yeye aliniuliza juu ya maji ya mvua nikamcheka mbele ya watu. Baadaye niliifungua nikakuta mirija imeziba kwa magamba ya maji hayo. Gaspard alikuwapo akaniuliza ni nini, nikamficha. Alifungwa kwa neno langu, na waasi walimchukua kwa sababu ya neno hilo hilo. Hakumwaga maji. Hakuuza gari. Nilijua tangu mwezi wa tano mwaka wa sitini na nne."

Kuku walipita. Florentine alikuwa ameshika ncha ya kitenge chake, anaikunja na kuikunjua.

"Kumbe ni weye," akasema mwishowe, si kwa ukali. Kama mtu aliyetafuta nyumba fulani siku nzima akaambiwa ameipita asubuhi.

"Ni mimi, mama."

"Na samaki wangu umekula?"

"Sijawagusa."

"Wape watoto wa jirani." Akaionyesha barua kwa kidole. "Soma tena pale penye 'hakuuza gari'."

Akasoma tena. Florentine alimsomesha mahali hapo mara tatu, na mara ya tatu midomo yake ilikuwa inayafuatisha maneno.

Sabine akatia sahihi kwa mkono wa kulia, pole pole. Thaddée akatia ya kwake, jina tu. Gundi ya bahasha ilikuwa imekufa kwa unyevu wa ziwa. Ernestine akaleta tonge la bugali wa muhogo, ungali na moto, na Thaddée akapaka ukingoni kwa kidole, akakunja. Florentine akainyakua mkononi mwake kabla hajaibonyeza. Aliibonyeza mwenyewe juu ya paja lake, kwa kiganja chote, kutoka pembe hadi pembe, akaishikilia hivyo hadi ilipokauka.

"Nitaipeleka," akasema Thaddée.

"Hapana. Weye baki."

Tarishi wa ofisi ya wilaya alikuwa anapita barabarani na baiskeli yake, mfuko wa barua ubavuni. Florentine akatoka hadi kando ya njia, akamsimamisha kwa kuinua mkono. Thaddée akabaki mlangoni, akamwona akimwonyesha tarishi jina lililoandikwa juu, ingawa hakujua kusoma, akamwona akiinama kuhakikisha bahasha imeingia hadi chini ya mfuko. Tarishi akafunga mkanda wa mfuko, akakanyaga pedali, akaelekea ofisini.